Kimo cha Ilani

Nchi ya Vichuguuni haimo katika ramani yoyote mliyoiona shuleni, na anayetaka kwenda kuitafuta afadhali abaki nyumbani kwake, ikiwa bado ni kwake.

Ilikuwa nchi ya watu wa aina mbili. Kulikuwa na walioishi juu ya ardhi, warefu wa shingo na wazito wa nyayo, na kulikuwa na walioishi ndani yake, wenye makucha mafupi na mashavu ya vumbi. Warefu ndio waliotawala. Haikuandikwa popote kwamba lazima iwe hivyo. Ila ukumbi wa Halmashauri ulijengwa kwa kimo cha Mwenyekiti Twiga, na meza yake ilikuwa juu kiasi kwamba Ngiri akisimama kuchangia hoja yalionekana masikio tu, na masikio hayakuhesabiwa kura.

Mbele ya ukumbi ilisimama nguzo ya matangazo. Sheria ya Vichuguuni ilikuwa fupi, na hata majirani waliisifu: jambo lolote linalogusa ardhi litangazwe kwenye nguzo hiyo kwa siku ishirini na moja, na mwenye pingamizi alilete kwa maandishi. Asiyeleta amekubali. Ubao wenyewe ulipigiliwa usawa wa macho ya Twiga kwa sababu, kama alivyoeleza mwenyewe siku ya uzinduzi, kiongozi hawezi kusoma sheria zake akiwa ameinama. Watu wa chini walipiga makofi. Siku hiyo iligawiwa chumvi ya bure.

Mbandikaji wa matangazo alikuwa Karani Nguchiro, mtu wa kwanza wa mashimoni kuajiriwa ndani ya Halmashauri. Kila lilipotoka tangazo jipya alipanda mgongoni kwa Mbuni, Afisa Ardhi, akalipaka utomvu wa mgunga kwa nyuma na kulibandika, huku Mbuni akimhimiza afanye haraka kwa kuwa kucha zake zinamtekenya. Akishashuka, Nguchiro alijipangusa manyoya na kupita katikati ya watu wake polepole, ili wamwone vizuri. Tusimlaumu sana kwa hilo. Mama yake alikuwa akimtazama kutoka mlangoni pa shimo lake, na mama huyo alimsomesha kwa taabu, akajifunza na yeye herufi kwa kumshika mwanawe mkono alipokuwa akiandika daftarini.

Mlango huo ndio kiini cha habari hii, kwa hiyo ni vizuri ujulikane. Karibu mashimo yote ya Vichuguuni yalichimbwa na Muhanga, yule mchimbaji wa masikio marefu na maneno machache. Muhanga huchimba, hulala siku mbili tatu, kisha huenda zake akachimbe kwingine. Nyuma yake waliingia wengine, ngiri na nungunungu na nguchiro, wakapanua vyumba, wakasawazisha sakafu, wakakaa vizazi vitano. Lakini hata mtu awe amezaliwa humo na kuwazika humo wazazi wake, hakusema "kwangu". Lilikuwa neno la aibu, sawa na kula mbele ya mgeni bila kumkaribisha. Mgeni akipiga hodi na kuuliza nyumba ni ya nani, jibu lilikuwa moja: "Tumejisitiri tu. Karibu." Walisema hivyo ili Muhanga akipita asijione amefukuzwa kwenye kazi ya mikono yake. Naye Muhanga akiambiwa aingie hujibu, "Nimepita tu," akaendelea na safari. Kwa adabu hiyo nchi ilikaa miaka na miaka bila kesi hata moja ya mpaka.

Kisha ndama wa Twiga akavunjika mguu.

Aliutumbukiza katika shimo lililoachwa wazi, na hakuna aliyefurahia kilio chake, hata huko chini. Bi Nguchiro mwenyewe, mama wa Karani, alipeleka dawa ya mizizi hadi mlangoni pa Mwenyekiti. Ilipokelewa, na wiki hiyohiyo Halmashauri ikaitishwa.

"Waheshimiwa," Twiga alianza, sauti yake ikishuka kutoka darini kama kawaida, "ardhi yetu imetobolewa. Natembea katika nchi yangu kama mwizi, nikipapasa kila hatua. Je, haya ni matumizi bora ya ardhi?"

"Si bora," alisema Diwani Kiboko, ambaye hakuwahi kupinga jambo lolote baada ya chakula cha mchana.

Mbuni akatandaza ramani mpya. Bonde lote la mashimo lilikuwa limepakwa rangi moja ya manjano, na juu yake yameandikwa maneno Uwanda wa Wageni. Alieleza kwamba Nyati wa ng'ambo ya mto wako tayari kuja na kundi zima, ila wanataka ardhi sawa, isiyo na tundu hata moja. Kwa shukrani yao wangeiachia Halmashauri migunga yote ya ng'ambo, ile yenye majani machanga mpaka kileleni. Hapo Twiga alimeza mate, na kwa shingo ile kila mtu aliyaona yakishuka.

"Na waliomo mashimoni?" aliuliza Kiboko, si kwa ubaya.

"Wenye nyumba watapewa nyumba," Mbuni alijibu. "Sheria iko wazi. Tutapita mlango kwa mlango tukiuliza swali moja tu: nyumba hii ni ya nani? Karani ataandika."

Nguchiro akasimama. Akainua mkono.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, naomba kusema kidogo. Swali hilo kule kwetu lina jibu lake la adabu. Ukimuuliza mtu hivyo, hatakujibu kama..."

"Karani," Twiga alimkata, kwa upole wa kutisha, "kazi yako ni kuandika wanavyosema, au kuandika unavyotaka waseme?"

"Wanavyosema, Mheshimiwa."

"Basi. Wewe ni mtu wetu. Na mama yako, usiwe na wasiwasi, tutamfikiria."

Nguchiro akakaa. Ahadi hiyo ilimwingia kama maji ya moto kwenye baridi, ikampasha, na akaacha kusema aliyotaka kusema. Baadaye, kila alipojaribu kukumbuka ni wapi hasa alipopotea, alirudi kwenye dakika ile aliyokaa.

Wakapita mlango kwa mlango siku nne. Mbuni aliuliza, Nguchiro akaandika. Ngiri na wanawe tisa: tumejisitiri tu. Kicheche mjane: tumejisitiri tu, karibuni, mbona mmesimama juani? Mzee Nungunungu, aliyekuwa mkubwa kwa umri kuliko wote bondeni, aliwatolea na viazi vya mwitu. Kwenye karatasi, chini ya safu iliyoandikwa MWENYE NYUMBA, Nguchiro alikuwa akiandika neno moja mlango baada ya mlango: Hayupo.

Siku ya nne wakafika kwa mama yake.

"Hodi," alisema Mbuni, akiangalia mawingu. "Nyumba hii ni ya nani?"

"Mama," Nguchiro aliwahi, "shikamoo. Hebu mjibu tu kwamba ni yako. Neno moja."

Bi Nguchiro alimtazama mwanawe kana kwamba amemvua nguo mbele ya watu. "Marahaba. Mwanangu, umesoma mpaka umesahau kusema? Nisimame hapa niseme nimechimba mimi? Muhanga akisikia nitamtazama kwa jicho gani?" Akamgeukia Mbuni, akatabasamu. "Msamehe, Bwana. Tumejisitiri tu. Karibu ndani."

Mbuni alisubiri. Kalamu ya Nguchiro ilisimama juu ya karatasi muda mrefu kuliko ilivyopasa, kisha ikaandika. Alijiambia moyoni kwamba mama yake amekwisha kufikiriwa.

Ilani ilibandikwa Jumatatu. Ilisema kwamba kwa mamlaka iliyopewa, Halmashauri imethibitisha pasipo shaka kuwa bonde halina mwenyewe, hivyo inakusudia kulibadilisha matumizi kutoka ardhi tupu kuwa Uwanda wa Wageni. Watu wa mashimoni waliiona karatasi ikipepea kule juu, wakaulizana imeandikwa nini, wakaambiana kwamba kijana wetu yumo humo ndani, kungekuwa na ubaya angetuambia. Nguchiro aliyasikia maneno hayo akipita. Aliongeza mwendo.

Siku ya kumi na nane alishindwa kuvumilia, akaenda kwenye ofisi ya Afisa Ardhi.

"Bwana Mbuni, nimepitia orodha ya mashimo ya kufukiwa. La mama limo. Mwenyekiti alisema atamfikiria."

"Tulimfikiria," Mbuni alisema. "Kwa kirefu. Ndiyo maana limewekwa mwishoni."

Nguchiro alikimbia hadi bondeni bila kujali nani anamwona. Aliwakusanya watu mbele ya mlango wa mama yake, akawaeleza yote, hadi maneno aliyoyaandika kwa mkono wake mwenyewe. Hakuna aliyempigia kelele, na hilo lilimuuma zaidi. Kicheche alianza kulia taratibu. Bi Nguchiro alishika tama.

"Siku tatu bado zipo," alisema Mzee Nungunungu. "Andika hilo pingamizi, nitalipeleka mimi. Mimi ndiye niliyekaa hapa kuliko wote."

Nguchiro aliliandika vizuri, kwa vifungu. Njia nzima alimfundisha mzee: watamuuliza kama ana haki ya kupinga, maana Halmashauri huisoma sheria kwamba haki hiyo ni ya mwenye nyumba peke yake, naye ajibu neno moja, ndiyo. Mzee alirudia. Ndiyo. Ndiyo. Alirudia mpaka mlangoni.

Mbuni aliipokea karatasi, akaisoma, akaiweka chini. Hakuuliza swali walilolitarajia. Aliinama, jambo ambalo hakuna aliyewahi kumwona akilifanya, akauleta uso wake karibu na uso wa mzee, na kwa sauti laini ya mgeni aliyechoka na njia akasema, "Hodi, Mzee wangu. Habari za siku nyingi? Nyumba ile nzuri pale bondeni ni ya nani?"

Miaka themanini ya malezi mema ikajibu kabla mzee hajawaza.

"Aa, tumejisitiri tu, baba. Karibu."

Mbuni akanyooka, akagonga muhuri: Limetupwa, mleta pingamizi si mwenye nyumba. Mzee Nungunungu alibaki ameziba mdomo kwa viganja viwili. 

Siku ya ishirini na mbili Kiboko na wenziwe walianza kufukia. Kazi yenyewe ilikuwa rahisi, kwa kuwa walijiviringisha tu kutoka mwanzo wa bonde hadi mwisho. Watu walitoka na mafiga yao, mikeka yao, na watoto waliokuwa bado hawajafumbua macho. Mzee Nungunungu alisema atatoka akimaliza kufungasha. Hawakumsubiri. Kiboko alipoulizwa baadaye kama alisikia chochote chini yake, alisema alisikia kitu kama mchomo mdogo tumboni, na kikapita.

Bi Nguchiro alisimama mbele ya ukumbi mpaka zamu ya mlango wake, wa mwisho kabisa kama ulivyofikiriwa, ikafika. Aliona ardhi ikilala sawa juu ya kaburi la mumewe. Nguchiro alikuwa pembeni yake na kalamu bado imo sikioni. 

"Wewe rudi kazini," mama yake alisema. "Wasikukose."

Wiki mbili zilipita. Watu wa mashimoni walitawanyika nyuma ya ukumbi, kwenye kivuli cha ukuta, wakaonekana wametulia. Warefu walipenda utulivu huo. Twiga aliutaja katika hotuba. Asubuhi moja Nguchiro alimwona Muhanga mwenyewe amekaa na mama yake, masikio yale marefu yameinama. Muhanga, ambaye hakuwahi kukaa kwa mtu, alikuwa amekaa. Hakusema kwamba amepita tu.

Kesho yake, alipokuja kufungua ofisi, Nguchiro aliona karatasi nyingine kwenye nguzo. Haikuwa juu. Ilikuwa chini kabisa, usawa wa goti lake, mahali ambapo nguzo inaingia ardhini. Imebandikwa kwa utomvu wa mgunga, barabara, kila pembe. Alichuchumaa. Mwandiko aliujua, ulikuwa wake mwenyewe wa darasa la kwanza, jinsi mtu alivyoujifunza kwa kumshika mkono.

ILANI KWA UMMA. Sisi tusio na nyumba tunakusudia kubadilisha matumizi ya ardhi iliyo chini ya Ukumbi wa Halmashauri, kutoka ardhi ngumu kuwa makazi. Mwenye pingamizi alilete kwa maandishi katika siku ishirini na moja. Asiyeleta amekubali.

Bi Nguchiro alikuwa amesimama nyuma yake.

"Imekosewa mahali?" aliuliza.

Nguchiro alisoma tena. "Sheria inataka nguzo. Hii ni nguzo. Inataka siku, na siku zimetajwa." Akasita. "Haikutaja kimo."

"Basi inahitaji muhuri."

"Mama, unajua ninachoombwa?"

"Sikuombi kitu, mwanangu. Nauliza kama karani yupo."

Aliingia ndani, akatoka na muhuri, akaugonga mara moja. 

Siku zikahesabika. Madiwani walipita mbele ya nguzo ile asubuhi na jioni, vichwa juu. Karatasi ikapauka kwa jua. Nguchiro akiwa kitini kwake alianza kusikia sauti chini ya sakafu, kwanza mbali, kama mtu anayekuna sufuria katika nyumba ya jirani, kisha karibu zaidi. Mavumbi mekundu yalirundikana nyuma ya ukumbi. Mbuni aliyaona, akaandika kwenye ripoti yake kwamba wakazi wameanza wenyewe shughuli ya bustani.

Siku ya ishirini na moja Halmashauri ilikaa kikao kikubwa kuliko vyote. Nyati walikuwa wamevuka mto na wajumbe wao saba wameketi mbele, wazito, wakicheua. Kiboko alikuwepo, na wenziwe waliofukia. Asubuhi hiyo Bi Nguchiro alimwambia mwanawe maneno matano tu: "Leo kaa karibu na mlango." Alikihamishia kiti chake huko. Hakuna aliyeuliza. Hakuna aliyekuwa akitazama chini kiasi hicho.

 Lakini kabla Mwenyekiti hajafungua kikao Nguchiro alisimama, akainua mkono kama siku ile ya kwanza.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, kabla hatujaanza. Kuna ilani kwenye nguzo, na leo ndiyo siku yake ya mwisho. Ipo chini. Ukitoka nje ukainama kidogo tu, utaiona."

Ukumbi ukacheka. Hata Nyati mmoja alicheka, bila kujua wanacheka nini.

"Karani wetu ana mzaha leo," Twiga alisema. "Nimeongoza nchi hii miaka kumi na saba, na sijainama. Nianze leo mbele ya wageni?" Akakohoa kulisafisha koo lake refu, akauliza lile swali la ufunguzi. "Je, kuna pingamizi lolote mezani la maandishi?"

Nguchiro alitazama meza kule juu, akatazama sakafu. Mchanga mwembamba ulikuwa unateleza taratibu kwenye ufa uliopita kati ya miguu ya Kiboko. Chupa yake ya wino ilikuwa imeanza kusogea yenyewe kuelekea katikati ya ukumbi.

"Hakuna, Mheshimiwa," alisema.

"Andika."

Akaandika: Hakuna pingamizi. Akafunika kalamu, akarudi nyuma hatua moja, akasimama kizingitini.

Mguu wa kwanza kuzama ulikuwa wa Twiga. Ulishuka hadi gotini, na uso wake ulionekana kushangaa zaidi kuliko kuumia. Kisha sakafu yote ikatoa mlio mrefu na mkavu, na Kiboko akawa anatafuta kitu cha kushika ilhali hakuwa na mikono ya kushikia. Nyati walisimama wote kwa pamoja, jambo baya kuliko yote waliyoweza kufanya. Mbuni alikuwa amening'inia ukingoni mwa shimo jeusi, mbawa zimetanda, akichungulia chini kwa mara ya pili katika maisha yake.

"Nyinyi huko!" alipiga kelele. "Nani kawaruhusu? Shimo hili ni la nani?"

 Halafu, kutoka vichochoro vya chini ya ardhi, pembeni mwa shimo, walikokaa wachimbaji, Nguchiro alisikia sauti aliyoijua tangu kuzaliwa, ya mama mwenye malezi, isiyo na haraka wala hasira.

"Tumejisitiri tu," ilisema. "Karibuni ndani."